Saa Iliyosahauliwa Mezani

Kalemie, tarehe 9 Juni 1984

Yaya Louise, dada yangu mupenzi,

Wiki sita za ndoa, na bado ninaamka nikicheka peke yangu! Mapazia uliyotuma kutoka Kabalo yamependeza sana. Isidore ananiletea samaki wabichi wa ziwani, mikebuka, na kuniita "mugonjwa wangu".

Unakumbuka, yeye njo alinitunza nilipougua malaria kule dispansari. Kila asubuhi alinishika mukono kuhesabu mapigo ya moyo. Siku moja nikamwambia, "Papa muganga, unahesabu na nini? Leo hauna hata saa." Akacheka, lakini hakuniachia. Hapo nilijua ananipenda.

Juzi alisahau saa yake mezani. Nikamupelekea mbio kazini. Nilimukuta ameketi karibu na binti mugonjwa kutoka Pepa, amemushika mukono. Binti akamutania, "Muganga, bado tu haujamaliza?" Isidore akacheka.

Hawakuniona. Nilirudi na saa nyumbani, nikaificha katikati ya vitenge vyangu. Pengine njo kazi yake tu, Yaya. Lakini leo ni siku ya tatu anaenda kazini bila saa, na hajaiulizia.

Unijibu upesi.

Mudogo wako, bado mwenye furaha,
Adrienne