Mume Wangu Anapiga Breki Hata Akiwa Abiria

Shangazi mpendwa, nisaidie kabla ya Jumamosi, maana nina tiketi mbili na wasafiri watatu, na kosa ni langu mwenyewe.

Mimi ni fundi wa sare za shule, mume wangu ni dereva wa treni mstaafu, miaka thelathini na moja amepita kwenye ile reli ya milimani, na ukimuuliza huko juu kukoje atakwambia kuna taa arobaini na saba, basi, macho yake hayakutoka relini hata siku moja, nami nikaona huyu mtu hawezi kufa hajauona mlima, nikanunua safari ya siku nne, behewa la kulala, dirisha kubwa hivi, madaraja, maporomoko ya maji, treni inapanda mpaka mawinguni, yaani nikiwaza tu nacheka peke yangu kwenye cherehani!

Nikasema tufanye majaribio kwanza, tukapanda treni ya asubuhi, stesheni tatu tu, balaa! Madereva wana kawaida yao, kila taa wanayoiona huitaja kwa sauti ili msaidizi aitikie, sasa mzee wangu kakaa dirishani anamenya chungwa, ghafla, "Kijani!" behewa zima likageuka, "Kijani!" tena, na mguu unakanyaga breki isiyokuwepo, kumbe ni kidole changu cha mguu, halafu kwenye kona akapaza sauti, "Nyekundu!" watu wakakamata mizigo, bibi mmoja akaanza kusali, na kumbe ilikuwa taa ya reli ya pembeni, haituhusu hata kidogo. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Kwa hasira nikampigia mdogo wangu wa kike, msusi, nikamwambia, "Jiandae, tunakwenda sisi wawili." Naye hana dogo, siku hiyohiyo akanunua kofia. Mume wangu nikamdanganya kwamba safari imeahirishwa. Akasema, "Haya, mama."

Jana naingia chumba cha cherehani, namkuta kwenye kiti changu, kakaa ubavu dirishani, anatazama ukuta wa jirani na nguo zilizoanikwa, kiganja kimefunika mdomo, miguu kaipandisha juu ya stuli. Nikamuuliza, "Baba, unafanya nini?" Akasema, "Najifunza uabiria. Wakiirudisha safari yako, nisikuaibishe tena."

Shangazi, nililia, nikacheka, nikalia tena. Na kofia ya mdogo wangu ina utepe. Nifanyeje?

Mke wa Dereva

Mke wa Dereva,

Nimecheka mpaka chai ikanimwagikia, lakini usidhani umepona. Umeolewa na dereva, ulitegemea atataja nini, maua? Aibu ya stesheni tatu ndiyo ya kumfungia mtu nje, na uongo juu yake? Hasira hasara, mama, na hasara yako imevaa kofia yenye utepe.

Leo hii, si kesho, nenda kwa mdogo wako ana kwa ana, usijifiche nyuma ya simu. Mwambie ulikosea. Atanuna, mwache anune, ndiyo haki yake. Akimaliza, mwombe aje kuwasindikiza stesheni na kofia yake kichwani, awapungie mkono. Kofia kama hiyo haiwezi kukaa kabatini.

Halafu mwambie mumeo ukweli wote kabla hamjafunga mizigo. Maskini, anafanya mazoezi mbele ya kamba ya nguo kwa ajili yako! Umepata mume, dada yangu, wenzako wana wapangaji.

Sasa la safari. Ombeni viti vinavyotazama nyuma. Mtu aliyekipa kichwa cha treni mgongo, taa humfikia zikiwa zimeshapita, na hakuna dereva anayepigia breki taa ya nyuma. Atabaki na milima tu. Wewe kaa pembeni yake, uvae viatu vigumu, kinga ni bora kuliko tiba. Kile kiganja mdomoni akiondoe, usimruhusu apande nacho.

Na akipaza sauti, usimfinye. Huenda safari hii isiwe kijani wala nyekundu. Huenda ukawa ule mlima uliokuwa ubavuni mwake miaka thelathini na moja, ndiyo kwanza anauona. Wewe mwenyewe umeniambia, dereva hutaja ili msaidizi aitikie. Basi msaidizi ni wewe. Itikia, tena kwa sauti.