Mbwa Uliyeniachia, Ilka

Mpwa wangu mpenzi Ilka,

Salamu hizi zinatoka kwa mjomba wako Vendel, mtu ambaye kama asingekuwepo, bata mwitu wa mto Tisza wangezaana mpaka wazibe jua, tule chakula cha mchana kwa taa. Natumaini u mzima huko Graz, na wagonjwa wako wanameza dawa bila kubishana. Huku tu wazima. Goti langu linalalamika, lakini lilizaliwa na tabia hiyo. Zsemle naye mzima, kanenepa kidogo. Usiniulize kwa nini.

Nakuandikia kukushukuru. Uliponiachia mbwa huyu ulilia, nami nikakucheka. Sikukwambia kwamba wiki ile ile mzee Gáspár, mwenyekiti wa chama chetu cha wawindaji, alikuwa ameniita. Alisema mwindaji asiye na mbwa huacha ndege waliojeruhiwa wakifia kwenye matete, na hiyo ni aibu ya chama kizima. Nisipoleta mbwa anayejua kazi kwenye windo la Novemba, nirudishe beji, nikavue samaki na wastaafu. Unanijua, Ilka. Tangu mkaza mjomba wako Rozália atutoke, wale ndio watu wangu. Ukiniondoa pale, nabaki na redio.

Basi siku ikafika, nikaenda na Zsemle, rangi yake ya mkate uliotoka tanurini inang'aa, kakaa kiti cha mbele kama mke wa waziri. Nikawapa wenzangu darasa. Nikawaambia Waingereza wana mbwa wa kunusa, mwingine wa kuokota, wa tatu wa kuogelea, kama bwana mwenye viatu vya kila chumba. Sisi tuna mmoja wa kazi zote, na jioni anakulalia miguuni. Nikawaambia mababu walivuka milima ya Karpati na mbwa hawa mbele ya farasi, bunduki haijazaliwa, wanawinda kwa kipanga na nyavu. Na baada ya vita, mbwa hawa walipobaki wa kuhesabika, babu yangu alimficha mmoja ndani ya pipa la kabichi, na ukoo wa Zsemle wote umetoka pipani humo. Gáspár akaniuliza kama huko Karpati nilikuwepo, maana nasimulia kama niliyelipa nauli.

Kwenye shamba la mahindi yaliyokwisha kuvunwa, Zsemle akasimama ghafla, mguu mmoja juu, mkia umenyooka, hata pumzi haisikiki. Kwale wakaruka pale pale pua ilipoelekea. Niliwakosa kwa sababu ya jua. Gáspár anadai kulikuwa na mawingu.

Mtihani wenyewe ulikuwa mtoni. Gáspár alimpiga bata, akaangukia matete ya ng'ambo, angali hai. Maji ya baridi ya kukata mfupa. Wote wakanigeukia. Nikamwamuru Zsemle aende. Akakaa chini. Nikaamuru kwa sauti yangu ya jeshini, ile iliyokuwa ikiamsha kambi nzima. Akapiga mwayo. Gáspár akanyoosha mkono, anangoja beji. Vidole vyangu vilikwisha kuishika pini, mwanangu.

Hapo nikatumia mbinu ya kitaalamu. Zsemle akajitupa majini kabla sijamaliza, akapotea kwenye matete, akarudi na bata mdomoni, hata unyoya haujavunjika. Akanizunguka, akanichungulia mgongoni, ndipo akanikabidhi. Gáspár akaurudisha mkono mfukoni, akasema aliyemfunza mbwa huyu anajua kazi, na beji ikae inapokaa.

Kwa hiyo asante, Ilka. Asante kwa kila jioni uliyotembea naye kwenye baridi huku mimi nikisema unadekeza mnyama. Umenibakishia watu wangu.

Sasa hiyo mbinu. Heri uisikie kwangu kuliko kwa mke wa mwokaji na umbea wake. Nilibana pua, nikaita kwa sauti yako, nyembamba, mbele ya wanaume wazima wenye bunduki: nenda kipenzi cha Ilka, nenda roho yangu, kaniletee. Hasikii sauti nyingine. Mgongoni kwangu alikuwa anakutafuta wewe.

Nisalimie mwenzako wa chumbani, na ule vizuri, Waaustria hawajui pilipili. Mama yako anakukumbatia.

Nami, ambaye chama kizima sasa kinamwita Binti Ilka, na juzi kwa bahati mbaya akaitika,

Mjomba wako,
Vendel