Nilimwita Mama Yangu Mama Mdogo

Shangazi Myong-suk,

Nakuandikia wewe kwa sababu na wewe ni Mkorea wa kule Yanbian, upande wa China, na hapa Seoul sina mwingine wa kumwambia asiyenicheka au kunitangaza, kwa hiyo naomba univumilie. Jina langu Gwang-il, nasoma chuo mwaka wa pili, na wenzangu wote wanajua natoka milima ya Gangwon, huku huku Korea Kusini, maana ndivyo nilivyowajibu siku ya kwanza waliposhangaa lafudhi yangu, na tangu hapo nimeshindwa kurudi nyuma. Muhula huu mwalimu wa saikolojia ametugawa vikundi, kila kundi lichague mhusika wa filamu limchambue kwa nadharia za utambulisho, na kundi langu likamchagua Du-sik, jambazi wa Yanbian anayeficha kwao, anaajiriwa na tajiri wa Seoul, kisha anawafukuza watu wa kwao kwenye vyumba vya kupanga kwa ukatili kuliko hata wenyeji. Mimi ndiye niliyeielewa nadharia haraka, kwamba mtu hupata sehemu ya heshima yake kwenye kundi lake, na kundi likidharauliwa wapo wanaobaki kulitetea na wapo wanaolitoroka kimyakimya, halafu wanawaonea waliowaacha ili waaminiwe kule walikohamia. Niliwaeleza mpaka Yun-seo akasema, "We Gwang-il, unaongea kama umeishi naye nyumba moja." Wakacheka, nikacheka.

Basi Jae-hwan, kiongozi wa kundi, akataka twende Daerim tukapige picha mitaa ya watu wetu, na njaa ilipouma akaingia mkahawa wa mishikaki ya kondoo, ule ule anaofanyia kazi mama yangu. Nilisema twende pengine, hakunisikia. Mama akatoka jikoni na sinia la makaa, akaniona, akafungua mdomo, akawatazama wenzangu, akaufunga. Akasema, "Karibuni wateja, mko wangapi?" Jae-hwan akamwita mama mdogo, kama watu wote wanavyowaita wahudumu, na alipogeuka akaigiza lafudhi yake, na kimchi, ile kabichi ya pilipili, ilipoisha akaniambia nimwite. Nikaita, "Mama mdogo, tuongezee kimchi." Akaja, akaongeza, akaondoka.

Jioni nilimpigia simu nimwombe radhi, hakuningoja nianze, akasema, "Umefanya vizuri. Wakija tena, fanya hivyo hivyo." Shangazi, ningefurahi angenitukana.

Sasa Jae-hwan ameandika hitimisho kwamba Du-sik hahitaji nadharia yoyote, watu wa Yanbian ndivyo walivyozaliwa, na Alhamisi nimepangiwa mimi kulisoma mbele ya darasa kwa kuwa eti nina sauti nzuri. Nikikataa wataniuliza kwa nini. Nikisoma, sijui nitakuwa nani. Nifanye nini?

Gwang-il, Sillim

*

Gwang-il mwanangu,

Barua yako imenitia hasira, nikaiweka pembeni, kisha nikairudia. Dharau hii hukuianzisha wewe. Nilipokuja mimi, mwenye nyumba aliniuliza kama natembea na kisu kabla hajaniuliza jina. Najua kwa nini watu hujificha. Lakini kukuelewa si kukuachia.

Tuanze na darasa. Jae-hwan na Yun-seo huna deni nao la kuwaambia ulikozaliwa. Utawaambia siku utakayotaka. Ila hilo hitimisho unajua ni uongo, na hutalisoma. Mfuate Jae-hwan kabla ya Alhamisi, umwambie linapingana na kazi yote mliyofanya, kwamba Du-sik hakuzaliwa katili, aliona Seoul inamfungulia mlango mmoja tu, na mlango huo unapitia juu ya migongo ya watu wa kwao. Akikuuliza mbona umekasirika, mjibu, "Kwa sababu si kweli." Aking'ang'ania, asome mwenyewe, na wewe inuka useme yako mwalimu akisikia. Mkipunguziwa alama, zipunguzwe.

Halafu, bwana msomi, hiyo nadharia umeisoma ukasahau kitu kimoja. Anayetoroka kundi huwa kuna mtu anamwacha nyuma yake. Filamu haikutuonyesha mama wa Du-sik. Wewe wako ulimtazama usoni.

Na usijidanganye kwamba alikuruhusu. Alikukinga. Aliona huwezi kuibeba aibu ile, akaibeba yeye, na mteja mwingine alikuwa anangoja mishikaki. Nenda kesho, baada ya watu wa mchana kupungua. Usimpigie simu, nenda kwa miguu yako. Usimtajie Du-sik wala nadharia, wala usilie kiasi cha kumfanya yeye ndiye akubembeleze. Mwambie, "Mama, nilikukana. Nisamehe." Kisha ule atakachokupa.

Ukimaliza kula, mwalike siku yake ya mapumziko aje chuoni mle pamoja kwenye bwalo, na umwite mama mbele ya yeyote atakayekuwepo. Atakataa. Atasema miguu inauma, atasema hana nguo, mwisho atasema lafudhi yake itakuharibia. Umekuwa mtoto mtiifu kwake siku zote, naona. Kwa hili, usimtii.