Bauke na Ulimwengu Usio na Ukingo

Jumanne, 16 Januari

Somo la kwanza la jioni kwa watu wazima, kuhusu ulimwengu, ukumbi wa kanisa la kijiji. Mvua. Wamekuja wachache, wengi wazee. Nimefundisha fizikia sekondari hadi kustaafu, lakini leo niliona woga.

Nilianza na mkate wa sukari niliooka mwenyewe. Unga unapoumuka, vipande vya sukari vinaachana, kila kimoja na chenzake. Ndivyo ulimwengu unavyotanuka. Jeltje wa duka la maua akanidaka: "Mkate una ganda, mwalimu. Ganda la huo ulimwengu wako liko wapi?" Wakacheka. Swali zuri kuliko somo langu. Nikakiri mfano unaishia hapo — ganda hatujaliona, na huenda halipo.

Mkate umeliwa wote. Ila Bauke hakugusa. Huyu ni mfugaji aliyeuza ng'ombe wake wote. Alikaa nyuma, hakuvua koti.

Jumanne, 23 Januari

Leo umbo la ulimwengu. Pembetatu kwenye karatasi, pembe zake zinatimia digrii mia na themanini. Kwenye mpira zinazidi. Wanaastronomia wamepima pembetatu kubwa mno angani, na hadi sasa inaonekana ni kama karatasi. Bapa. Kwa hiyo huenda ulimwengu hauna mwisho. Huenda — nililisema mara mbili.

Bauke akauliza, kwa mara ya kwanza: kama hauna mwisho, mambo hayajirudii? Nikajibu haraka, kama nilivyozoea. Namna za kupanga vitu ni nyingi mno, lakini zina kikomo. Nafasi isipokuwa na kikomo, na vitu vikiwa vya aina ileile kila mahali, mpangilio utajirudia. Dunia kama hii. Kijiji kama hiki.

"Na watu?"

"Na watu."

Alitoka bila kuaga. Tukipanga viti, Jeltje akaninong'oneza: mwana wa Bauke, Rinse, alikufa majira ya baridi ya mwaka juzi. Alikuwa akiteleza ziwani, barafu ikapasuka. Miaka kumi na tisa.

Natamani ningeyameza yale maneno.

Alhamisi, 25 Januari

Froukje, mke wa Bauke, kaja na baiskeli. Kasimama mlangoni, hataki kuingia. Hakutukana. Afadhali angetukana.

Bauke amemwambia fundi wa mawe asichonge jina la Rinse kaburini. Eti asubiri kwanza. "Muda wote huu namngoja akubali, mwalimu. Alikuwa karibu. Wewe umempa mtoto mwingine huko juu."

Nikasema ni dhana tu.

"Basi njoo umwambie ni uongo."

Nikamwambia siwezi, maana sijui kama ni uongo.

Alinitazama sana. "Basi mwambie yote. Siyo ile nusu tamu."

Jumamosi, 27 Januari

Nimekwenda. Jikoni kwao. Bauke mezani, Froukje anaosha vyombo, ametupa mgongo.

Nikaeleza ile nusu nyingine. Mwanga una mwendo wake, na ulimwengu una umri. Kwa hiyo kuna mpaka wa tunachoweza kuona — si ukuta, ni mwanga tu ambao haujatufikia. Na kwa kuwa nafasi inatanuka, kuna kwingine ambako mwanga wake hautatufikia kamwe. Huyo Rinse wa pili, akiwepo, yuko mbali kupita huko.

"Hata habari zake?"

"Hata habari."

"Na zangu kwenda kwake?"

"Hazifiki, Bauke. Na yupo au hayupo, sijui. Hakuna anayejua."

Bauke akawa anakwangua kitambaa cha meza kwa ukucha.

"Akiwepo," akasema, "si atakuwa na baba yake?"

"Atakuwa naye."

"Baba mwenyewe hanijui mimi."

"Hakujui."

"Basi yule ni wa watu."

Froukje akafunga bomba. Hakugeuka. Nikatafuta glavu zangu.

Bauke akamwuliza mkewe, polepole tu, kama mtu anayeuliza bei ya viazi: wachonge Rinse peke yake, au na jina la babu?

"Na la babu," Froukje akasema.

"La babu refu. Halitaenea."

"Wapunguze herufi."

"Herufi ndogo hazisomeki, mama. Kuvu ikishika jiwe, basi."

"Kuvu inasuguliwa. Utaisugua wewe."

Nikaaga. Sidhani walinisikia. Niliposhika baiskeli yangu nje, bado walikuwa wanabishana.