Plagini Isiyosubiri Hodi

Jumanne, Mshangano

Bado sijatulia. Leo kwenye tovuti ya ushirika wetu wa mahindi nimekuta faili nisilolijua, limekaa katikati ya picha za maghala. Kuna mtu amelipakia bila hata nywila. Ile plagini, programu ndogo tuliyoiongeza kwenye tovuti ya kupokea picha, haikumuuliza yeye ni nani wala nani kamruhusu. Inapokea tu.

Nikampigia mwenyekiti.

"Shikamoo mzee. Kuna mtu ameingia kwenye tovuti yetu."

"Marahaba. Kavunja mlango?"

Nikamwambia mlango haukuvunjwa, ila hausubiri mtu apige hodi. Akacheka. "Basi ni kama kwangu Maposeni. Watu wanaingia tu, unawakuta wameshakaa."

Yeye anacheka, mimi ndiye mtunza tovuti. Plagini nimeizima, faili nimelifuta, nywila zote nimebadilisha. Kama ameacha kitu kingine humo ndani, sijui, na wa kumuuliza sina.

Nimerudi nyumbani, nimefunga mlango na komeo juu, kama kawaida. Halafu nikabaki nimesimama pale, najiuliza namfungia nani. Tangu nihamie hapa, hakuna mtu aliyewahi kunipigia hodi.