Mlango Ulioufunga Kwenye Picha

Mjukuu na mume wangu Deo,

Picha uliyoichora imefika na basi, haijakunjika. Asante. Sasa kaa chini nikuseme.

Kusoma sijui, macho ninayo. Anayeniandikia ni jirani yetu, Mama Rehema wa dukani. Ndiye aliyenisomea maneno yako ya nyuma ya picha: eti ni kijiji chetu mvua za kwanza zikinyesha, eti kijani ni matumaini. Akashangilia, "Bibi, tazama, wanawake wanacheka na majembe yao!" Nikamwambia, wewe una duka, utajuaje? Kijani kile ni njaa. Mvua zikianza, mahindi yameshapanda malori ya wanunuzi kule sokoni Laela, ghalani wamebaki panya, na wewe unawachora wanawake wamenenepa, meno nje!

Tena ulijua. Ulikuwa hujaanza shule, tunatoka kuokota uyoga mimi na wewe, tumelowa chapachapa. Ukasimama katikati ya njia ukauliza, "Bibi, mbona nyasi zinanenepa, sisi tunakonda?" Nilicheka mpaka nikakaa kwenye matope, halafu nikakubeba mgongoni maana miguu ilikuwa imekulegea. Mtoto aliyeuliza vile amepotelea wapi huko Dar? Au hao Wazungu wanaonunua picha zako wamekuambia njaa haina rangi?

Hayo ningekusamehe. Lakini nyumba yangu, Deo! Umeichora vizuri, hata ule ufa wa ukutani upo. Mlango umefungwa. Moshi hakuna. Nimejitafuta kwa wale wanaolima, simo. Mama Rehema anasema labda nimekwenda kisimani. Wapi! Nyasi umezileta mpaka mlangoni. Ile ni nyumba ambayo mwenyewe ameshazikwa. Umeniwahisha kwa nini? Ili usiwe na mtu wa kumrudia?

Mama Rehema anataka nipunguze ukali. Nimemwambia aandike hivyo hivyo. Aandike pia kwamba nimeitundika juu ya kitanda changu na kila nikipita naigombeza, kwa sababu nimekukumbuka mpaka nakasirika.

Mimi mzima. Goti linauma, mdomo unafanya kazi. Njoo mvua zikianza, unione nilivyokonda, ndipo uchore. Usisubiri mavuno. Wakati wa mavuno kila mtu anamkumbuka bibi yake.

Ni mimi bibi yako, na mke wako mkubwa,
hapa hapa Mpui