Marehemu Wetu wa Chuma

Kwako Rono, jirani wa ukuta mmoja,

Niaje. Nakuru nzima hakuna mwanaume kama mimi: nimekufa zaidi ya mara mia tatu na bado namaliza chapati sita bila kupumzika. Wewe ndiye uliyeniua mara hizo zote, lakini usijisifu, ulikuwa unafunga macho.

Juzi uliniuliza kwa simu ni nani alimfukuza mama yako hapa Bondeni. Nikasema ni vijana fulani, siwajui. Mimi niliyeishia darasa la saba nimeona afadhali niandike. Kwa barua huwezi kunikatiza.

Unakumbuka tulivyompata Marehemu? Mwaka jana, msimu wa mvua, kwa yule mzee wa vyuma kuukuu tuliyekuwa tunampangia mizigo. Gunia lilitoka kaskazini na springi za lori, sufuria zilizotoboka, na kitambaa kilicholowa grisi. Wewe ndiye uliyekifungua. Bastola, na nyota ndani ya duara kwa mpini. Mzee akaigeuzageuza, akatuambia ni ya jeshi la Warusi wa zamani, na pini ya kugonga risasi imeng'olewa. "Huyu ni marehemu," akasema. "Mkateni vipande tupime kilo." Tukakata kipande cha bomba, tukapima hicho. Marehemu akaja nyumbani ndani ya gamboot yako.

Wewe sijui, lakini mimi nilikuwa namuota. Jua la saa saba linachoma mabati, yeye ni baridi kama ametolewa mtoni. Na ule uzito wake, ni kama unauinua mkono wenyewe. Mpini ulikuwa umelika mahali pa vidole vya mtu tusiyemjua, na vyangu viliingia humo humo bila kutafuta. Ukaniambia, "Boss, huyo jamaa bado ameushika." Tukacheka, lakini siku hiyo ulinawa mikono mara tatu na harufu ya grisi haikutoka. Halafu tunavuta nyundo yake ya nyuma, tunaelekezana, tunafinya, tk, mmoja anaanguka kwa godoro. Mama yako anagonga ukuta tunyamaze.

Krismasi ukaenda kwa nyanya yako. Kura zikapigwa, moto ukawaka, barabara zikafungwa, ukakwama huko. Mamangu naye alikuwa amekwama Naivasha. Ploti ilinyamaza mchana kweupe, hata kuku hawakulia. Watu wetu na watu wenu walikuwa wanawindana, na bado mama yako alinilisha siku nne. Alikuwa anaweka sahani mlangoni, anauliza kama nimelala vizuri, anarudi ndani haraka.

Siku ya tano wale vijana wa upande wetu waliojipa kazi ya kulinda ploti wakaanza kunichokoza, eti mimi ni mtoto wa kulishwa na maadui. Wewe unanijua na mdomo wangu. Nikaingia ndani nikatoka na Marehemu. Wakarudi nyuma hatua moja. Nikamwinua, nikamzungusha polepole, nikiwaonyesha kila mmoja. Hapo mlango wenu ukafunguka. Mama yako, na sahani ya ugali na sukuma. Mdomo wa bastola ulikuwa umefika kwake. Kidole kikafinya.

Tk.

Sahani haikuanguka. Aliiweka chini taratibu, akaingia, akatoka na dada zako wawili na mfuko mmoja. Hakufunga mlango. Wale vijana hawakumfuata, hawakumgusa. Walikuwa wananitazama mimi.

Marehemu nilimtupa chooni wiki hiyo. Upande wenu sasa kuna mpangaji mwingine, mtu mpole, anaondoka asubuhi kwenda kazi. Mchana, nyumba yake ikiwa tupu, nasikia tk kwa ukuta. Nimemuuliza kama ana saa. Hana.

Mama yako anajua ni nani. Miezi hii yote hajakuambia, na hilo linaniogopesha kuliko kama ungekuja na panga.

Sasa sikia, Rono. Kule kufinya, naweza kusema ni mazoea, tulifinyiana hivyo kila siku. Lakini baada ya tk mama yako alisimama pale akinitazama, akingoja niseme kitu. Maneno yenyewe yalikuwa mawili tu: "Imekufa, mathe." Nilikuwa na muda wa kuyasema. Niliona anavyotetemeka, na nikapenda.

Mimi,
jirani wako wa upande wa pili